Kijike wa Mzee Ambakisye

Hapo zamani, nguruwe walipokuwa bado weusi, walikuwepo watu wa milimani, kule ambako mvua hunyesha mpaka kuni zinaota uyoga. Kila nyumba ilikuwa na nguruwe wake. Mweusi, mwenye manyoya, masikio yameinama yakafunika macho, tumbo linaburuza chini. Alikula majani ya viazi vitamu, alikula migomba iliyokatwakatwa, alikula maparachichi yaliyoanguka yenyewe. Hakununuliwa chakula na hakuugua ovyo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikua polepole.

Wakaja nguruwe weupe. Sijui nani aliwaleta, msiniulize. Walikuwa warefu, tena walikua upesi kana kwamba kuna mahali wanachelewa kufika. Watu wakawapenda. Wakauza weusi, wakachinja weusi, wakahasi madume yote meusi. Miaka kumi haikwisha, kijiji kizima kikabaki na mweusi mmoja, jike, jina lake Tulia. Jina hilo alipewa kwa matumaini, maana hakutulia hata siku moja.

Mwenye Tulia alikuwa Mzee Ambakisye, mgane, mtu wa maneno machache ila akiwa na furaha. Mama yake alipoolewa alikuja na nguruwe jike mmoja kutoka kwao, na Tulia alikuwa wa uzao wa huyo. Mzee hakuwa na picha ya mama yake, wala kaburi lake halikuwa na alama. Alikuwa na Tulia.

Sasa, sokoni palikuwa na mtu aitwaye Nsajigwa. Huyu ndiye aliyepika nguruwe wa harusi, wa ubatizo na wa msiba, na kwa kupika hakuwa na mwenzake. Kwa kucheka watu pia hakuwa na mwenzake. Kila asubuhi alipita nje ya banda la Mzee na weupe wake wawili watatu, akauliza, "Mzee, huyu kigoda tunamchinja lini?"

Mzee akajibu, "Bado."

Kesho yake, "Mzee, tunamchinja lini?"

"Bado."

Ikawa hivyo masika na kiangazi. Mpaka siku moja, mbele ya watu waliokuwa wakinywa pombe ya ulezi, Nsajigwa akasema Mzee anajisumbua bure, maana Tulia anazeeka na dume jeusi halipo tena, kwa hiyo uzao huo umekwisha kufa ila haujazikwa. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akaweka kata chini, akasimama, akaapa kwa jina la mama yake.

"Atakayefanya uzao huu usikatike," alisema, "kijike wa kwanza kuzaliwa ni wake. Nitamkabidhi kamba kwa mkono wangu, mbele yenu nyote."

Shikeni hayo maneno, tutayahitaji.

Mzee alikuwa na dada, Shangazi Bupe. Kijiji kizima kilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Aliishi peke yake, hakuzaa, na ulimi wake ungeweza kumenya ndizi. Aliposikia habari ya kiapo hakusema neno, na hiyo ilikuwa ajabu ya kwanza. Akajifunga kanga kiunoni, akatia viazi vitamu kwenye tenga, akashika fimbo, akapanda mlima. Ng'ambo ya mlima walikaa wajomba zao, na kwa wajomba zao lilibaki dume moja jeusi.

Kwenda alitumia siku mbili. Kurudi alitumia siku tisa.

Mnauliza kwa nini? Hamjawahi kutembea na nguruwe. Ng'ombe unamvuta, mbuzi unamvuta, nguruwe havutwi. Nguruwe unamfunga kamba mguu wa nyuma, yeye anatangulia, wewe unafuata, naye anasimama anapotaka. Dume lile lilisimama kwenye kila tope. Lililala kwenye kila kivuli. Lilikula viazi vyote vya tenga, Shangazi akabaki na njaa yake na maneno yake.

Wakafika kwenye daraja la magogo mawili, na mto chini unanguruma. Dume likagoma. Shangazi akalibembeleza, likagoma. Akalitukana, na mnajua tena ulimi wake, likagoma. Akaliimbia wimbo wa kumlaza mtoto, likalala kweli. Ndipo akakumbuka jambo alilolifanya baba yao. Akachukua tenga tupu, akalivika dume kichwani. Nguruwe akifunikwa kichwa hurudi nyuma, hajui kufanya lingine. Shangazi akaligeuza makalio yaelekee darajani, akashika tenga, na dume likavuka mto mzima kinyumenyume.

Dume lilipokanyaga ng'ambo Shangazi alicheka, akacheka hata akasahau kwamba bado amesimama juu ya gogo bichi. Akateleza. Goti likapiga jiwe. Aliingia kijijini siku ya tisa akiegemea fimbo, dume mbele, yeye nyuma, na tangu siku ile goti lile halikukunjika tena.

Dume likakaa kwa Mzee na kufanya kazi iliyolileta. Tumbo la Tulia lilipoonekana wazi, Lugano, mtoto wa pekee wa Mzee, akatumwa alirudishe kwa wenyewe, kama walivyopatana. Tenga akapewa.

Hapo ndipo anapoingia Tupokile, mke wa Lugano.

Lazima niwaeleze mila ya watu wale, maana bila mila hii hakuna hadithi. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wanachukiana, wanaheshimiana kupita kiasi. Akipita mmoja njiani, mwingine anaingia migombani. Hawatazamani usoni, hawasemeshani, wala mkwe hatamki jina la mzee. Tupokile alikuwa ameolewa miaka minne. Kila siku alikata migomba ya Tulia, akaiacha nyuma ya ua, akakohoa, akaondoka, kisha Mzee akatoka kuichukua. Miaka minne wakafuga nguruwe mmoja kwa kikohozi.

Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu za mimba ya Tulia zikatimia, asubuhi ya baridi na ukungu. Lugano hajarudi. Shangazi kalala na goti lake. Majirani wako kwenye maziko ng'ambo ya mto. Tulia akaanza kuzaa, na mtoto wa kwanza akakwama.

Mzee alijaribu. Lakini mkono wa Mzee ulikuwa mkono wa jembe, mpana, haukuingia. Tupokile akiwa nyuma ya ua alimsikia Tulia akikoroma, kisha akamsikia Mzee. Alikuwa anamwomba nguruwe asife. Alimwita Tulia kwa jina la mama yake, bila kujua kwamba anasikiwa.

Tupokile akautazama mkono wake. Ulikuwa mdogo, wenzake waliucheka kwenye kupalilia. Akaupaka mafuta mpaka kwenye kiwiko, akajifunika kanga kichwa na uso, akageuka, akaingia bandani kinyumenyume. Ndiyo, kama lile dume. Mzee alipoona mgongo wa mwanamke unaingia alielewa, akageukia ukuta upesi.

Kazi ile haihitaji macho. Tupokile akapiga magoti, akapapasa, akapata. Lakini Tulia alirusha mguu, na mtu mmoja hawezi kuvuta na kushika. Ikabidi aseme.

"Baba," alisema, "mshike mguu wa nyuma."

Kisha ukutani pakatoka sauti. "Nimeshika, mwanangu."

Miaka minne, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza.

Akatoka mmoja, dume. Akatoka wa pili, dume. Wa tatu dume, wa nne dume, mpaka wakafika saba, madume matupu, na Mzee anahesabu huku paji la uso liko kwenye matope ya ukuta. Wa nane akatoka kimya. Tupokile akapapasa: jike. Akapapasa tena: hapumui.

Mtoto wa nguruwe asiyepumua unampangusa kamasi, unampulizia puani. Huwezi kufanya hivyo na kanga usoni. Tupokile akaitupa kanga. Akapuliza, akasugua, akapuliza. Kijike akapiga chafya, halafu akapiga kelele kama aliyeibiwa, na kwa kelele ile Mzee akasahau, akageuka.

Wakaonana.

Mngedhani wangeficha. Walikuwa wawili tu bandani, na nguruwe hasemi. Tupokile alijifunika akatoka, asimwambie mtu. Aliyesema ni Mzee. Si nimewaambia, maneno yake machache ila akiwa na furaha? Jioni ile kwenye pombe alimweleza kila aliyekuwa na masikio jinsi mkono wa mkwe wake ulivyo dawa, jinsi alivyompulizia kijike, jinsi macho yake yalivyojaa machozi. Watu wakafurahi naye, mpaka mzee mmoja akauliza taratibu, "Macho yake uliyaonaje?"

Mzee Ambakisye akafunga mdomo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Wazee wa kijiji hawakuwa watu wabaya. Walimpenda Tupokile. Lakini mila ilisema mke aliyeonana na baba mkwe hurudi kwao, akae huko mpaka baba yake alete ng'ombe wa kusafisha nyumba. Baba yake Tupokile alifuga nyuki. Ng'ombe hakuwa naye, wala hakuwa na ndugu mwenye ng'ombe. Kwa hiyo kurudi kwao kulikuwa kurudi moja kwa moja, na Lugano aliporudi kutoka mlimani na tenga lake aliikuta habari hiyo inamngoja mlangoni. Yule kijana alilia, sifichi. Wazee wakawapa muda mpaka Krismasi.

Mzee akafikiri siku tatu, kisha akawaendea. Akauliza, je, nikimpa Tupokile kijike? Wazee wakatazamana. Wakasema kuna njia hapo. Mtu anayekabidhiwa mbegu ya mama yako kwa mkono wako, huyo umemfanya mtoto wako wa kumzaa, na mtoto wa kumzaa hajifichi kwa baba yake. Nyumba haihitaji ng'ombe tena.

"Lakini usimpe kwa huruma," wakasema. "Uliapa kwa jina la mama yako kwamba atapewa aliyestahili. Ukimpa kwa huruma umevunja kiapo, na kiapo kilichovunjwa hakimsafishi mtu."

Tena hapakuwa na kijike mwingine wa kumalizia ugomvi. Tulia alinyonyesha wale wanane, akakauka, uzazi ukamwisha.

Krismasi ikafika. Kijike amefika gotini, mweusi tititi, masikio yameinama. Madume saba yamehasiwa na hakuna anayeyataka, maana watu waliyapenda kwa kuyachekea tu. Mzee akatoa dume moja kwa ajili ya sikukuu, akamwomba Nsajigwa alipike. Nsajigwa akakubali upesi. Alitaka kumaliza maneno: atapika mweupe na mweusi, vyungu viwili sambamba, watu waonje, wacheke, waende nyumbani.

Ila sikilizeni, mtu yule alikuwa mbishi lakini hakuwa mwongo. Alisema mweusi atampika kama bibi yake alivyowapika, asije mtu akasema amemwonea mnyama. Hakummwagia maji ya moto. Alimbabua kwa majani makavu ya mgomba, akamparua masizi kwa kisu mpaka ngozi ikawa rangi ya asali. Akakata vipande vya ukubwa wa ngumi. Hakutia mafuta hata tone. Alitia chumvi na maji ya kulowesha chungu tu, akapunguza moto, akaacha mafuta ya mnyama yayeyuke yenyewe na nyama ijikaange ndani yake. Mwisho akatia ndizi mbichi zilizomenywa, zikanywa yale mafuta.

Chungu cha mweupe kiliiva mapema. Cha mweusi watu wakakizunguka, harufu imewashika pua. Wakauliza, "Imeiva?"

Nsajigwa akajibu, "Bado."

Wakauliza tena. "Bado." Alipolisikia neno hilo linatoka kinywani mwake mwenyewe alikunja uso, akamtazama Mzee, Mzee akatazama pembeni.

Saa sita akaonja. Kwanza mweupe, akatafuna, akameza. Kisha mweusi. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akakaa chini kwenye gogo la kuni. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameonja bado, naye angeweza kukimwaga chungu akasema kimeungua.

"Nilikuwa nimesahau," alisema. "Miaka kumi nawapikia, na nilikuwa nimesahau. Njooni mle."

Watu wakala. Waliokuwa wazee walitafuna polepole, kila mmoja mawazo yakimrudisha nyumbani kwa mama yake. Waliokuwa vijana walilamba vidole na kuuliza kwa nini hawakuambiwa. Kabla jua halijapinda, nyumba kumi na moja zilikuwa zimeomba uzao wa kijike yule, na Nsajigwa alitangaza kwamba weupe wake anawamaliza na bandani mwake hataingiza tena rangi nyingine ila nyeusi.

Ndipo Mzee Ambakisye akaja na kijike, kamba mkononi, akawakumbusha kiapo. Akasema anayedai aseme.

Shangazi Bupe akasema, "Mimi nilileta dume. Nimevuka mlima nikiwa na magoti mawili, nimerudi na moja. Bila dume, huyu msichana angevuta nini tumboni mwa Tulia? Upepo? Nampenda Tupokile kuliko mnavyompenda ninyi. Lakini mama aliyekuja na nguruwe wake alikuwa mama yangu pia, na mimi nalala peke yangu, sina kinachokoroma nyumbani mwangu. Kiapo hakikusema apewe anayehurumiwa. Kilisema aliyefanya uzao usikatike."

Watu wakasema, kweli.

Nsajigwa akasimama, mafuta bado yako kwenye kidevu. "Mimi niliwatukana weusi, nakubali," alisema. "Lakini jana uzao huu ulikuwa na jike mmoja na mzee mmoja wa kumlilia. Leo una nyumba kumi na moja zinazomngoja. Nani amezileta? Watu hawafugi mnyama kwa kumbukumbu, wanafuga kwa chungu. Mngemwacha kwa Shangazi au kwa Tupokile, na hakuna anayemtaka, angekufa bila uzao kama Tulia alivyokuwa karibu kufa. Dume lililetwa na kijike akazaliwa, lakini aliyemrudisha kwenu ni moto wangu. Tena ningeweza kudanganya."

Watu wakasema, kweli. Shangazi akamwambia afute kidevu.

Tupokile alikuwa nyuma ya migomba, kama mila inavyotaka, vitu vyake vimekwisha kufungwa kwenye tenga. Lugano alitaka kumsemea, akamkatalia. Akasema mwenyewe, na sauti yake ilisikika vizuri.

"Sina mengi. Shangazi alileta dume, Baba Nsajigwa alipika. Kila mmoja alifanya kazi aliyoweza kuifanya akaenda nyumbani kwake. Mimi nilijua ninachovunja. Kanga ilikuwa usoni mwangu. Ningeiacha hapo, kijike angekufa, na leo ningekuwa mke mwema wa nyumba hii. Niliitoa. Sidai kwa sababu nafukuzwa. Nadai kwa sababu pumzi iliyomo ndani yake ni yangu."

Hapo hakuna aliyesema, kweli. Shangazi Bupe alitazama goti lake. Mzee Ambakisye akasimama katikati na kamba, na kijike, asiyejua lolote, akaanza kutafuna pindo la suruali yake.

Mzee alitazama migomba. Akamtazama dada yake. Akautazama moshi wa Nsajigwa. Halafu akanyoosha mkono, akaikabidhi kamba.

Mimi najua aliikabidhi kwa nani. Huyu aliyemo kwenye chungu hiki, ambaye tangu asubuhi mnamnusa kama mbwa wa harusini, ni wa ukoo wa kijike yule. Kwa hiyo alipewa mtu, na mtu huyo alimlea vizuri. Bibi yangu aliniambia jina, nami nalificha mpaka nisikie yenu. Mwaka jana hapa hapa watu walibishana mpaka ndizi zikashika chini, na mume na mke wakaondoka kwa njia mbili tofauti, ila walirudi kula.

Haya. Mmoja alileta mbegu na kuacha goti lake mtoni. Mmoja aliitia pumzi, na pumzi hiyo ikamgharimu nyumba. Mmoja aliwarudishia watu hamu, kwa kukiri mbele yao kwamba alikosea. Kijike ni mmoja, hakatwi. Je, nani alistahili kuishika ile kamba?

Na wewe hapo, uliyekwisha kunyoosha mkono chunguni: bado. Jibu kwanza.